Mate Juu ya Kioo

Shukuru kwa mate uliyo nayo kinywani. Unacheka? Hata mimi ningecheka, kabla ya jioni ile niliyokaa juu ya plastiki katikati ya bwawa, jino langu limetoka kung'olewa, nikisikia sauti ya mdogo wangu ikitoka mahali ambapo mdogo wangu hayupo.

Nisikuchoshe. Mimi ni mpiga picha. Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama: pazia la buluu kwa picha za pasipoti, pazia la maua kwa wapenzi, na kigoda cha kuzunguka kinachomlilia kila anayekikalia. Chumba cha pili mama anashona, na mchana kutwa nasikia cherehani yake ukutani. Cha tatu ni saluni ya mdogo wangu, msusi, na huko ndiko kelele zote zinakotoka. Huyo mtoto tulimwita Kasuku kabla hajaota meno. Anasuka huku anasema, anakula huku anasema, anapiga mswaki huku anasema. Kuna wateja waliosukwa jana tu na leo wamerudi kukalia kiti, wasikilize umbea. Naye alinibatiza mimi Pilipili, kwa sababu ya hasira zangu. Mtu mwingine akiniita hivyo tutavunjiana heshima. Yeye nilimwachia.

Mama ana sheria moja. Jioni akisimama mlangoni akaita, unaitika na unakuja. Haiti mara mbili. Utotoni tulikuwa tunaacha mpira ungali hewani. Mpaka leo, na utu uzima wote huu, mama akiita mguu unainuka kabla akili haijauliza tunakwenda wapi.

Basi. Meneja wa hoteli ya bwawani alinunua kayaki mpya, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya kukalia juu, akataka picha za tangazo. Hakutaka picha za kawaida. Alitaka zile ambazo kioo cha kamera kinakaa nusu majini na nusu hewani, mtu aone machweo juu na maji chini katika picha moja. Nikamwambia hakuna shida. Mimi huwa nasema hakuna shida, halafu ndipo naanza kuitafuta kamera.

Niliiazima kwa mzamiaji anayekagua ukuta wa bwawa. Ilikuwa imefungwa ndani ya boksi gumu lisiloingia maji, na mbele ilikuwa na kioo cha mviringo mfano wa bakuli. Mzamiaji akanipa na siri ya kazi. Kioo kikitoka majini hubaki na matone, na tone moja tu likitua usoni mwa mtu picha imekwisha. Dawa yake ni mate. Unakitemea kioo, unasugua kwa kidole, unachovya majini, na maji yote yanateleza. Alisema hakuna dawa ya dukani inayofikia mate.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa kwa daktari wa meno. Gego lilinitesa wiki nzima mpaka nikawa nagombana na kuta. Aliling'oa, akanipachika pamba kwenye tundu, akanionya nisiteme mate siku hiyo hata kidogo, kwa sababu kutema kunaivuta damu iliyoganda. Meza tu, alisema.

Msichana wa picha alikuwa Kasuku. Nani mwingine? Alivaa gauni la njano, akajisuka nywele ndefu na kila ncha akaifunga shanga nyeupe. Akitingisha kichwa zinagongana, kacha kacha kacha, na alikuwa anakitingisha makusudi.

Jua lilikuwa limeshainama tulipofika gatini. Mtunza kayaki alitufungia majaketi ya kuelea bila maneno mengi. Alikuwa mtu mnene, anatafuna tumbaku, redio yake imening'inia msumarini. Alipomaliza kuvuta mikanda akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza choo kiko wapi:

"Kule ndani hatutemi mate."

Kasuku akamuuliza kwani samaki wanaokojoa humo wao wana kibali. Yule bwana hakucheka. Akachukua kopo la bati chini ya benchi, akatemea tumbaku yake humo, akalifunika kwa kifuniko na kulirudisha mahali pake. Nikasema moyoni, haya ndiyo mambo ya hoteli za siku hizi, usafi mpaka wa maji ya vyura.

Tukaingia. Kayaki yake nyekundu, yangu ya kijani. Kamera nilikuwa nimeifunga kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa kayaki yangu, kioo nusu majini, na nimeitegesha ijipige yenyewe kila baada ya muda mfupi, pamoja na flashi, ili mikono yangu ibaki na kasia. Maji yalikuwa yametulia. Vyura walikuwa wanaimba ufukweni. Kasuku alikuwa anapiga kasia na kusimulia habari za bibi harusi aliyekimbilia saluni kwake na shela kichwani, na mimi nilikuwa nacheka kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya jino.

Picha za kwanza zote zilikuwa na matone. Nikafuta kwa kitambaa, ikawa mbaya zaidi. Jua nalo halimsubiri mtu. Nikamwambia avue jaketi, linaficha gauni. Akavua, akalitupa nyuma yake. Nikapiga tena. Tone limekaa juu ya jicho lake. Hasira zikanipanda mpaka tundu la jino likaanza kudunda.

Nikaisogeza kayaki yangu ikagusana na yake, nikainua kioo mbele ya uso wake.

"Nitemee hapa. Mimi nimekatazwa."

"Mate ya Kasuku leo yamepata ajira," akasema.

Akatema. Nikasugua kwa kidole gumba, polepole, kioo chote. Nikachovya.

Nilitii katazo la daktari nikavunja la gatini, na sikuliona hata hilo.

Kioo kilitoka kisafi, hakuna hata alama. Nilifurahi mno. Nikarudi nyuma kidogo, nikamwambia aendelee na habari za bibi harusi, nataka uso unaosema. Flashi ikapiga. Ikapiga tena. Kasuku alikuwa anasema, "basi mama mkwe naye akaingia, akamshika..."

Akanyamaza.

Katikati ya neno. Nimeishi naye maisha yake yote na sijawahi kumsikia akinyamaza katikati ya neno. Akalamba midomo. Akakohoa, kikohozi kikavu. Akanionyesha kinywa chake. Nikamrushia chupa yangu ya maji, akainywa yote bila kupumzika, na bado akawa analamba midomo. Akakifungua kinywa nikaona ulimi. Ulikuwa mweupe, mkavu, umekunjamana kama kitambaa kilichosahaulika juani.

Vyura walikuwa wamenyamaza. Sijui tangu lini.

Halafu nikasikia kicheko nyuma yangu. Chake. Kile cha kuvuta pumzi mwishoni. Kasuku alikuwa mbele yangu, midomo imefunga, macho yamemtoka.

"Pilipili..."

Ilitoka chini. Karibu na maji kabisa, kama mtu aliyelaza shavu juu yake. Na harufu ikapanda, harufu ya kisima cha zamani kilichofunuliwa... matope, majani yaliyooza na chuma.

Sikugeuka. Sikuweza. Nikamwona Kasuku anatazama kitu nyuma ya bega langu, kisha macho yake yanakifuata, yanazunguka kayaki yangu, yanashuka, yanasimama chini ya kayaki yake mwenyewe.

Kayaki nyekundu ikapinduka.

Haikuyumba kwanza. Iligeuzwa, kwa nguvu, kama mtu anavyogeuza chapati. Maji yalinimwagikia usoni. Flashi ikapiga machoni mwangu na dunia ikawa nyeupe, kisha nyeusi. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Jaketi la Kasuku lilipita likielea peke yake.

"Dada! Nivute! Kitu kimenishika mguu!"

Upande wa kulia. Sauti yake yenyewe, hata ile herufi anayoimezaga tangu utotoni. Nikanyoosha mkono huko.

Hapo hapo mikono miwili ikashika kayaki yangu upande wa kushoto.

Kichwa kilikuwa kimeinuka majini, nywele zimefunika uso, kinywa kimeachama mpaka mwisho. Hakikutoa sauti. Hakikulia, hakikuhema, kiliachama tu, na zile kucha zikawa zinakwaruza plastiki, zinapanda kuelekea mguu wangu. Kwa kulia mdogo wangu alikuwa ananililia kwa jina ambalo duniani nimemwachia yeye peke yake.

Wewe ungefanya nini?

Nilipiga. Nilishika kasia kwa mikono miwili nikashusha ubao wake juu ya vidole vile. Vikaachia, vikashika tena. Nikashusha tena. Nilisikia mfupa ukivunjika, na nasema wazi, nilifurahi. Kikajivuta juu, kikaleta uso karibu, nikakipiga mdomoni kwa ncha. Meno yakaenda. Damu ilinirukia mkononi, ya moto, na hata hilo la damu kuwa ya moto halikuniambia kitu. Nilipiga mpaka kichwa kikazama.

"Nivute, dada," ikasema ile sauti. "Kimeondoka."

Nikampa mkono kwa kulia, nikamvuta akapanda nyuma yangu. Alikuwa mwepesi. Nilijiambia ni hofu, hofu inampa mtu nguvu. Giza lilikuwa linaingia, taa ya gatini imeshawashwa, nikaanza kupiga kasia bila kutazama nyuma.

Akaanza kusema. Asante dada, umeniokoa, mkono wako una nguvu, mama atafurahi, mama anapika nini leo, bibi harusi naye, mama mkwe akamshika... Anasema, anasema, hanyamazi. Nikasema afadhali, amerudiwa na sauti yake.

Ila kayaki ilikuwa nzito. Mtu aliyepanda hana uzito, na kayaki nzito, kama ninayevuta gogo.

Kacha.

Nikaacha kupiga kasia.

Kacha... kacha.

Ilikuwa inatoka mwisho kabisa wa kayaki, chini, kwenye maji. Kitu kidogo kigumu kinagonga plastiki. Na yule aliyekaa nyuma yangu alikuwa anatingisha kichwa akisimulia, nilihisi maji yanayoruka kutoka kwenye nywele zake, na nywele zile hazikuwa na mlio wowote.

Nikainama taratibu. Nikaigeuza kamera kwenye mkono wake wa chuma, nikabonyeza nione picha.

Ya kwanza: Kasuku amekaa kwenye kayaki nyekundu, uso unaosema, machweo nyuma yake. Hiyo ni nusu ya juu. Nusu ya chini, chini yake kabisa, mwanamke amesimama wima ndani ya maji. Uso ameuinua. Kinywa amekiachama juu, anavyofanya mtoto akikinga mvua.

Iliyofuata: gauni la njano majini. Nywele zenye shanga nyeupe. Kinywa cha mdogo wangu kimeachama, na ubao wa kasia langu uko hewani, unashuka.

Sauti ikaninong'oneza shingoni. Haikuwa na pumzi.

"Picha zimetoka vizuri?"

Mkono ulipita juu ya bega langu ukaingia kinywani. Vidole vyote. Baridi, vyenye ladha ya tope, vikapita ulimi, vikatafuta, vikaipata pamba ya daktari, vikaing'oa na kuchimba kwenye tundu la jino. Uchungu ule sina maneno yake. Nilijua anachotaka. Mate ya Kasuku hayakumtosha, alitaka na yangu.

Nikauma.

Mimi nina hasira tangu tumboni mwa mama, na jioni ile zote nilizitia kwenye taya. Nilihisi kidole kinapasuka, kinakatika, kinabaki kinywani mwangu kikijikunja. Yule akapiga ukelele kwa sauti ya mdogo wangu, ukelele wa mtoto aliyechomwa na uji, nao ulinikata maini. Akanikaba shingo. Nikajitupa ubavu, nikaipindua kayaki makusudi, tukazama wote.

Chini kulikuwa na giza, na flashi ilikuwa bado inapiga. Kila ikipiga, namwona. Uso umekaribia. Giza. Uso umegusana na wangu. Giza. Kinywa kimefunguka na mchanga unamwagika kutoka ndani, mchanga mkavu ndani ya maji, haukomi. Na maneno yanatoka pamoja nao, yanaeleweka kabisa: dada, nivute, dada, unaniumiza.

Niliung'oa ule mkono wa chuma na boksi lake la kamera, nikampiga nao usoni. Dada, unaniumiza. Nikampiga tena. Nilikuwa nampiga mdogo wangu, masikio yangu yaliniambia hivyo kila pigo, na niliendelea, kwa sababu mdogo wangu wa kweli nilikuwa nimeshampiga akiwa kimya, na sasa najua tofauti. Kioo kikapasuka. Kitu kingine nacho kikapasuka, si kioo. Mikono ikaachia shingo yangu.

Nikaibuka, boksi la kamera bado limening'inia mkononi kwa mkanda wake. Nikapapasa kayaki iliyopinduka mpaka mwisho, kwenye kamba ya kufungia, na hapo nikaukuta mkono wa Kasuku. Alikuwa amejizungushia kamba kwenye kiganja, vidole vya mkono mwingine vimevunjika, pua tu iko juu ya maji. Nilikuwa nimemvuta njia yote ile. Alikuwa ananigongea kwa shanga zake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuniitia.

Taa ilikuja juu yetu. Mtunza kayaki alikuwa ndani ya mtumbwi wake mpana, anapiga kasia kama anayefukuzwa. Kinywa changu kilikuwa kimejaa: damu, mate, na kile kidole bado kinatikisika kwenye shavu. Nikageuza uso pembeni nikiteme.

"Usiteme."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Aliniziba hivyo hivyo kwa mkono mmoja huku anamvuta Kasuku mtumbwini kwa mkono wa pili; nilipopanda nami akapiga kasia kwa mkono huo, na aliniziba mpaka gatini. Huko akafungua kopo la bati, akaliweka chini ya kidevu changu. Nikatema, nikatapika, nikatema tena. Tulipomulika humo kulikuwa na damu yangu, tumbaku yake, na mzizi mweusi wenye pingili za kidole. Akafunika haraka.

Aliyonieleza yalikuwa machache, nayo ameyasikia kwa mtunza aliyemtangulia, aliyeyasikia kwa mwingine. Kwamba kabla bonde halijajazwa maji kulikuwa na kisima, na mwanamke mchawi ambaye laana yake ilikuwa haikosi. Watu walimkamata, wakampiga, wakamshindilia mchanga mkavu kinywani mpaka kooni ili asilaani, wakamtupa kisimani. Baadaye maji yakaja juu ya yote. Hana mate, kwa hiyo hana sauti. Ukimpa mate yako anapata sauti yako. "Anashika sauti moja tu," alisema. "Akipewa nyingine, ya kwanza inamtoka." Kama ni kweli, sijui. Yeye mwenyewe aliniambia hajui, anachojua ni kutumia kopo.

Hospitali walimfunga Kasuku vidole, wakamshona midomo pale ilipopasuka. Meno ya mbele hayakupatikana. Koo lake wakalitazama kwa taa na mashine, wakasema halina tatizo lolote. Ila hakuwa na sauti wala tone la mate. Alikuwa analala na jagi la maji kifuani. Saluni ikafungwa, na kiti chake kikageuziwa ukuta.

Mtaa nao ukaamua. Pilipili amempiga mdogo wake kwa kasia, nani asiyezijua hasira zake. Sikuwalaumu. Nilichoshindwa kuvumilia ni mama. Hakunituhumu na hakuniuliza, alishona tu, kichwa chini, na nikiingia chumbani cherehani inaongeza mwendo. Nilikaa nayo hiyo mpaka nikashindwa. Nikatoa kadi kwenye kamera iliyovunjika, nikamwonyesha mama picha.

Ile ya kasia aliitazama akafumba macho. Ile ya kwanza aliishika muda mrefu. Akaweka kidole juu ya yule wa chini, aliyeachama.

"Huyu ndiye aliye na sauti ya mwanangu?"

Nikamwambia ndiye. Nikamweleza yote, ya kisima, ya mchanga, na yale ya kushika moja na kuachia nyingine. Nilitaka aniamini tu. Ulimi hauna mfupa, jamani, na wangu siku ile ndio ulioniponza. Mama akashukuru, akanirudishia picha, akaniambia sasa amenielewa. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake alasiri alisema anakwenda kununua uzi mweusi. Nikaona bobini ya uzi mweusi imejaa juu ya cherehani, na sikufikiri.

Jua lilikuwa linazama nilipomsikia mtu saluni.

"Pilipili..."

Nilikimbia nikaangusha kigoda. Kasuku alikuwa amesimama mbele ya kioo chake, ameshika koo kwa ule mkono wenye bandeji, machozi na mate yanamtoka pamoja, anacheka na kulia. "Pilipili," akasema tena, kwa pengo la meno niliyoyatoa mimi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikakimbia kumwambia mama.

Alikuwa ameshafika jikoni. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Alisimama mbele ya ndoo ya maji ya kunywa, anachota na kunywa, anachota na kunywa, maji yanamtiririkia kifuani. Nikamwita. Akageuka, akanitazama kwa upole, akafungua kinywa.

Ulimi ulikuwa mweupe.

Sasa Kasuku anasema tena, ingawa si kama zamani, na hasuki kwa sababu vidole viwili havikunjiki. Wakati mwingine anasita na kulisikiliza neno lake likiisha, kama mtu aliyerudishiwa nguo na kuikuta imevaliwa. Mama anashona. Tunaishi.

Shida ni jioni. Upepo ukitoka upande wa bwawani, nikiwa namwona mama kwa macho yangu ameinamia cherehani, namsikia pia anaita. Anatuita mimi na mdogo wangu kwa majina yetu kamili, ya baba na ya babu, kwa ile sauti ya mlangoni. Haiti mara mbili.

Jana ilipoita nilijikuta nimeshika kitasa. Kasuku alikuwa ameshafika barabarani, pekupeku, anatembea upesi kama mtoto aliyechelewa. Nyuma yangu mama alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa mkasi, kwa sababu hana sauti ya kumrudisha. Aligonga mpaka kioo kikavunjika na mkono wake ukapita humo, na damu ikashuka ukutani, na bado anagonga fremu. Ile damu ndiyo iliyoniamsha. Nilimkimbilia Kasuku, nikamwangusha kwenye changarawe, akaniuma, nikampiga, nikamburuta kwa nywele mpaka ndani huku majirani wanatazama.

Leo nimefunga milango mapema. Nimemfunga Kasuku mkono kwa mkanda wa kamera, na ncha ya pili nimejifunga mimi. Mama ameacha kushona, bandeji mkononi, amekaa kati yetu na mlango. Nje giza linaanza kuingia, na sisi sote watatu tunasubiri kuitwa.